Laptopu ya GB 4 imekuwa nzito? Mtafute mla RAM kabla ya kupiga Windows upya

Laptopu nyingi za mtumba kwenye stesheneri za Mtwara mjini na ofisi za AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) kule Newala au Nachingwea zina RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayobeba programu zilizofunguliwa, ya GB 4. Ikianza kusuasua, fundi wa mtaani hukimbilia kupiga Windows upya. Itakuwa nyepesi kwa muda, kisha yale yale.

Ipime mashine ikiwa imekwama, si ikiwa imetoka kuwashwa. Fungua kazi za kila siku: Excel yenye orodha ya wakulima wa korosho, kivinjari, WhatsApp. Bonyeza Ctrl + Shift + Esc. Task Manager ikifunguka ndogo, bofya More details, kisha ubofye kichwa cha safu ya Memory ili programu nzito zipande juu.

Soma Memory na Disk kwa pamoja, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Disk ikisoma asilimia 100 watu husema diski imekufa. Lakini kama Memory nayo imepita asilimia 85 au 90, diski inasingiziwa: RAM imejaa, Windows inahamishia data kwenye diski na kuirudisha kila unapobadili dirisha, na diski ya kuzunguka (HDD) haiwezi kasi hiyo. Kuhakikisha, andika resmon kwenye Start, ingia Memory, tazama Hard Faults/sec, yaani mara ngapi kwa sekunde data inafuatwa kwenye diski badala ya RAM. Ikipanda hadi mamia na kung'ang'ania huko muda wote wa kukwama, tatizo ni RAM. Kuruka mara moja unapofungua programu ni kawaida.

Memory ikiwa 50 na Disk 100, hiyo ni kesi nyingine: sasisho linashuka (na bando lako linaliwa), kizuia virusi kinakagua, au diski inachoka kweli. Nakili kazi zako kwanza, uchunguzi baadaye.

Mara nyingi mla RAM ni kivinjari. Ndani ya Chrome bonyeza Shift + Esc uone kila kichupo kinakula kiasi gani, ufunge vinene. Kisha rudi Task Manager ya Windows, na kwenye Startup zima programu zinazojiwasha bila kazi. Kizuia virusi na programu za sauti ziache.

Kabla ya kununua RAM, humo humo Task Manager nenda Performance, Memory. Slots used itakuonyesha kama kuna nafasi wazi. Hardware reserved (RAM ambayo Windows haiwezi kuitumia) ikila karibu GB 1 au zaidi, angalia kama Windows ni ya biti 32: hiyo haitumii GB 4 zote, na RAM utakayoongeza itakaa bure. Hapo tu ndipo kupiga Windows upya, ya biti 64, kuna maana. Nenda dukani na RAM ya zamani mkononi: aina za RAM za DDR3 na DDR4 haziingiliani, na laptopu inayotaka DDR3L ya volti 1.35 inaweza kukataa kuwaka ukiipa DDR3 ya volti 1.5.