Mchicha wa Bondeni: Maji ya Mto Yakome Siku 3 Kabla ya Kuvuna

Wakulima wa mboga za majani katika mabonde ya Msimbazi, Kizinga, Mzinga na Mbezi, nawaandikia kwa kosa moja tu. Mnamwagilia maji ya mto juu ya majani hadi asubuhi ileile mchuuzi anapokuja kung'oa, kisha mafungu yanachovywa kwenye dimbwi lilelile ili udongo utoke na jani ling'ae. Kutengeneza tuta, kusia mbegu, kupunguza miche na kupambana na viwavi mnajua, na wengi wenu mna uzoefu wa miaka mingi. Sitayagusa. Hili la maji ya mwisho ndilo linalowavunjia soko. Tumbo likianza kuwasumbua watu mjini, wa kwanza kunyooshewa kidole ni mkulima wa bondeni. Wateja wanaikwepa mboga, bei inaporomoka, na wanaotaka mashamba ya mabondeni yafyekwe wanapata sababu nyingine ya kusema.

Najua jibu mlilo nalo: "Wazee wetu walimwagilia maji haya haya na hakuna aliyekufa." Mto ni uleule, ila maji si yale. Sensa ya mwaka 2002 ilikuta mkoa wa Dar es Salaam una watu karibu milioni 2.5. Ya 2012 ilihesabu 4,364,541, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ndani ya miaka 20 watu wameongezeka zaidi ya mara mbili, na sehemu kubwa ya nyumba zao haijaunganishwa na mtandao wa majitaka. Zinategemea vyoo vya shimo na makaro. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe ukiwa bado na nafuu, kisha unapita katikati ya makazi, karakana na viwanda hadi Jangwani, na unaingia baharini Salenda. Kila mtaa unaongeza chake. Bati na lami zimefunika ardhi iliyokuwa ikinywa mvua, kwa hiyo mvua ikinyesha maji hayazami, yanakimbilia bondeni na kila kilichokuwa barabarani na uani. Wewe uliye chini unapokea kinyesi, sabuni, oili na damu ya machinjio katika keni moja ya kumwagilia.

Hamkuyachafua ninyi. Lakini anayeyabeba na kuyamwaga juu ya chakula cha mwenzake ni ninyi, na hapo ndipo mkono wenu una uwezo.

Jibu la pili ninalolisikia kila bonde: "Mchicha hupikwa." Ni kweli, moto unaua vimelea. Ila kabla ya moto mboga ina safari. Mama anaufungua mchicha kwenye sinki au beseni, anaukata kwenye kibao, halafu kwa kisu kilekile na kibao kilekile anakata nyanya na kitunguu cha kachumbari. Kachumbari haipikwi. Mtoto wa miaka 2 anayelishwa pale mezani hajui mboga ilitoka bonde gani. Na siku hizi wengi wenu mmeongeza saladi na kotimiri kwa sababu mahoteli yanalipa vizuri. Hizo zinaliwa mbichi moja kwa moja. Kwa saladi na kotimiri sina mjadala: maji ya mto yasiguse jani tangu mche unapotoka kitaluni hadi sokoni. Kama huna maji mengine, usipande.

Sasa siku 3. Vimelea vingi vya kuhara vikikaa juu ya jani, jua na ukavu vinavipunguza siku hadi siku. Ukimwagilia jioni na kuvuna alfajiri, jua halijapata hata saa moja ya kufanya kazi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 kuhusu kutumia majitaka mashambani unautambua muda huu kati ya kumwagilia mara ya mwisho na kuvuna kuwa ni kinga, na bakteria wanaweza kupungua sana ndani ya siku chache za jua. Kwa hiyo hesabu hivi: ukivuna Ijumaa asubuhi, maji ya mwisho ya mto ni Jumatatu jioni. Jumanne, Jumatano na Alhamisi maji ya mto hayakaribii tuta hilo. Siku moja na nusu si siku tatu. Na ukisahau ukamwagilia Jumatano, hesabu inaanza upya. Hakuna kuifidia kwa kuosha.

Mchicha wa Dar es Salaam hauvumilii siku tatu bila maji, hasa Januari na Februari. Sikuambii uukaushe. Siku hizo tatu tumia maji safi, na si mengi kama mnavyohofia. Tuta la mita 1 kwa mita 10 ni eneo la mita 10 za mraba. Lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku ni lita 50, na kwa siku tatu ni lita 150, yaani madumu saba na nusu ya lita 20. Tangi la lita 1,000 la maji ya bomba linatosha kumaliza matuta 6 kwa siku zote tatu na chenji inabaki. Kosa linaloligeuza hili kuwa mzigo ni kusia matuta yote siku moja. Sia matuta mawili, subiri siku 4, sia mengine mawili. Mchicha ukichukua wiki tatu hadi nne shambani, hutakuwa na zaidi ya matuta mawili yanayodai maji safi kwa wakati mmoja. Hayo ni lita 100 kwa siku, madumu matano. Mnatumia zaidi ya hapo kufua.

Halafu kuna vijana wa kumwagilia. Wanalipwa kwa tuta, wanamwagilia kila tuta wanaloliona, na hawajui lipi la Ijumaa na lipi la wiki ijayo. Chomeka kijiti chenye kitambaa chekundu kwenye kichwa cha tuta Jumatatu jioni, na mwambie kijana kwamba tuta lenye kitambaa halipati keni ya mtoni. Usimwachie akumbuke kichwani. Nimeona matuta yaliyotunzwa vizuri siku mbili yakaharibiwa na keni moja ya Alhamisi jioni, na mwenye shamba yupo hapohapo anahesabu hela.

Kwa matuta ambayo bado hayajafika siku hizo, maji ya mto yanahitaji kutuama kwanza. Chimba mashimo mawili, kila moja urefu mita 1.5, upana mita 1, kina mita 1, uyatandike turubai maana udongo wa kichanga wa mabonde yetu unanyonya. Jaza la kwanza leo, tumia la pili. Maji yakae saa 24 kwa uchache. Saa 48 ni bora zaidi. Mayai ya minyoo ni mazito kuliko maji, yanazama. Bakteria hawazami wote, ndiyo maana shimo haliondoi sharti la siku 3.

Hapa nitakuwa mkali. Mnalitazama shimo limetulia, maji ya juu meupe, halafu mnashuka ndani yake mguu kwa mguu na keni mbili, mnayapiga matope ya chini hadi yapande. Kazi yote ya saa 24 inakwisha kwa hatua mbili. Usiingie shimoni. Simama ukingoni, chota juu kwa ndoo iliyofungwa kamba, na sentimita 30 za mwisho za chini usiziguse kabisa. Zikijaa tope, zichotwe kwa koleo na kufukiwa mbali na matuta. Na kila siku 7 shimo likaushwe kabisa, la sivyo utafuga mbu wa malaria mlangoni pa jirani.

Keni nayo ishushwe. Wengi mnaishika usawa wa kiuno na maji yanaanguka kwa nguvu, yanarusha udongo juu ya jani. Udongo huo ndio umebeba vimelea vya wiki nzima. Mdomo wa keni usizidi sentimita 50 kutoka ardhini, na uwe na kichujio chake cha matundu madogo, si kopo lililotobolewa kwa msumari. Kwa chainizi na sukuma, ambazo zina nafasi kati ya mistari, mwaga kwenye mfereji katikati, usimwage juu ya majani.

Kuhusu majira. Mvua za kwanza za masika, Machi, na za vuli, Oktoba, ndizo chafu kuliko zote, kwa sababu zinafagia uchafu wa miezi ya kiangazi. Tena tunajua kinachofanyika mvua ikizidi katika mitaa ya mabondeni: watu wanatapisha vyoo. Choo kinatobolewa, mvua inabeba. Nyumba haina njia ya gari la kunyonya majitaka kuingia, kiwanja kimejaa, fedha hakuna, na mvua ni ya bure. Sitaki kumlaumu mtu aliyebanwa hivyo, lakini wewe mkulima ulijue. Baada ya mvua kubwa usichote mtoni kwa siku 3, hata kama maji yamerudi rangi yake. Na mafuriko yakifunika shamba, mboga iliyozama haiuzwi, hata iliyosimama vizuri. Ng'oa, fukia, na ngoja siku 30 kabla ya kusia mboga za majani hapo. Ukishindwa kungoja, weka mahindi. Najua hasara yake inauma, na najua kuna wanaoisuuza na kuipeleka sokoni siku ya pili. Acheni. Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam na kikaenea mikoa mingi ya nchi.

Wengine mtasema mnatumia maji ya kisima, kwa hiyo haya hayawahusu. Pimeni kwa hatua. Kisima kifupi kinatakiwa kuwa angalau mita 30 kutoka chooni, na kiwe upande wa juu wa mteremko. Katika mitaa yetu iliyosongamana, mita 30 zinapita juu ya nyumba tatu na vyoo vyake vitatu. Bondeni maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa nchi, na masika shimo la choo na shimo la kisima yanakuwa bwawa moja chini ya ardhi. Kisima cha namna hiyo kihesabiwe sawa na mto. Na kwa walio karibu na pwani, onja maji kabla ya kumwagilia: visima vikivutwa kupita kiasi chumvi ya bahari inaingia, na mchicha utaungua kingo za majani hata kama mbolea ni sahihi.

Kuna mahali ambapo siku 3 hazisaidii wala shimo halisaidii. Kama maji yana rangi isiyo ya udongo, povu lisilokwisha au harufu ya kemikali, usipande mboga za majani hapo kabisa. Risasi na kadimiamu, madini ya sumu, havifi kwa jua, havichujiki kwa kitambaa na haviondoki kwa kupika. Mchicha unavivuta kutoka ardhini na kuviweka kwenye jani, na mtoto anavila polepole. Sehemu hizo zinafaa maua na miti.

Na ile mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuuharibu. Tuta linalochimbwa hadi midomo ya mto linauporomosha ukingo, na masika ijayo mto utalichukua tuta, kisha nyumba iliyo nyuma yake. Acheni nyasi na matete pale.

Kuosha mafungu: si dimbwini, si mtaroni, si kwenye shimo la kutuamisha. Ndoo ya lita 20 ya maji ya bomba, ibadilishwe kila baada ya mafungu 20, na mchuuzi akikataa kungoja, mpe mboga yenye udongo aoshe mwenyewe nyumbani. Afadhali tope la shambani kuliko mng'aro wa mtaroni. Ukifanya haya utaona wanunuzi wa mahoteli wanarudi.

Wanaotaka kujua maji yao yakoje, wapime. Kipimo kilichozoeleka tangu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1989 kwa mboga zinazoliwa mbichi ni bakteria wa kinyesi wasiozidi 1,000 katika mililita 100 na yai la minyoo lisilozidi 1 kwa lita. Mwone afisa ugani wa kata yako kabla hamjachota, kwa kuwa chupa inatoka maabara ikiwa imechemshwa kuua vimelea. Chupa ya soda iliyosuuzwa haifai. Chukueni maji pale mnapotumbukiza keni, si juu ya mto yanakoonekana masafi. Chupa ya bakteria iwekwe kwenye barafu na ifike maabara ndani ya saa 6. Ya madini iwe chupa ya pili, peke yake. Wakulima kumi wanaochota mahali pamoja wakichanga, sampuli moja inawatosha wote, na iende mara mbili kwa mwaka: mwisho wa Februari, kabla ya masika, na wiki ya pili baada ya mvua za kwanza za vuli.