Jina la mtoto libane kwenye shali

Jumapili tumempeleka mtoto kuwekwa wakfu hapa Moshi, nimejifunza hiki: andika majina yake yote kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi kigumu, kibane kwa pini kwenye shali, upande wa kichwani kwa nje. Mchungaji anakuwa na mtoto mkono huu, maiki mkono huu, kile kikaratasi kingine cha majina ulichompa asubuhi kimebaki ndani ya Biblia mimbarani, so anasoma palepale badala ya kukuuliza mbele ya watu huku umeshapaniki. Inafeli bibi akishamgeuzageuza kumfunika (na baridi hii ya Julai atamfunika tu), au mchungaji akisahau miwani. Kama kwenu mnabatiza watoto na majina yanaandikwa ofisini mapema, haikuhusu sana.