Somo: Wiki sita za ngoma na igizo chuoni, kwa mkufunzi aliyepewa kipindi bila kuomba

Mwangaluka, wadau. Niliahidi kuandika namna ninavyofundisha ngoma na igizo kwa wanachuo wa mwaka wa pili hapa Mwanza. Najua wengi wenu hamkuliomba somo hili. Ulisomea Kiswahili au Historia, mkuu wa chuo akasikia uliwahi kuimba kwaya, kesho yake jina lako liko kwenye ratiba. Ninaandika kwa ajili ya mtu huyo. Darasa langu lina wanachuo 45, vipindi viwili kwa wiki, na bajeti inayotosha chaki.

Kwanza kanuni yenyewe, maana hatua zote zinatoka hapo. Bujora, kituo cha utamaduni wa Kisukuma pale Kisesa karibu na Mwanza, kuna sherehe za ngoma ziitwazo Bulabo kila mwezi wa Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma vilivyo mahasimu, hushindana. Vikundi viwili vinaingia uwanjani kwa wakati mmoja, kila kimoja na upande wake, ngoma zinalia kwa pamoja. Kwa desturi mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Mtazamaji akichoka anageuka, anavuka uwanja, anaenda kwa mpinzani. Sisi vyuoni tunawazoesha vijana hadhira iliyofungiwa: wenzao kwenye viti, mkufunzi na fomu yake, mlango umerudishwa. Kijana anapata A, halafu anapelekwa kijijini anashangaa watu wanaondoka. Kwangu darasa linajua tangu siku ya kwanza kwamba hadhira ina miguu.

Hatua ya 1: Tafuta pa kukanyaga

Ukumbi wa chakula una saruji. Wachezeshe peku hapo saa nzima, kesho yake nusu ya darasa inachechemea na kushika ugoko. Udongo ulioshindiliwa chini ya mwembe ni bora kuliko vigae. Ufukweni napaogopa kidogo: mchanga mlaini unameza mguu, na vijana wakitoka jasho watataka kunawa ziwani, na ziwa letu lina kichocho. Ukilazimika, beba ndoo za maji ya bomba.

Dakika tano za mwanzo wanapanga mstari, wanainama, wanaokota misumari na vioo uwanja mzima. Wakifika mwisho wameshapasha mwili moto bila kujua.

Hatua ya 2: Mdomo, mkono, ndipo mguu

Wakufunzi wengi huanza na miguu: kulia, kushoto, geuka. Matokeo yake darasa linahesabu, halichezi. Utawaona midomo inasogea na macho yamekodolea vidole vya miguu.

Siku mbili za kwanza kwangu hachezi mtu. Tunakaa chini tunatamka mapigo ya ngoma kubwa kwa mdomo, halafu ya ndogo. Kisha nagawa darasa, nusu wanashika hili, nusu lile, wanatazamana. Kazi ngumu ni kutovutwa na mwenzako. Wakiweza, pigo linahamia mapajani, halafu kwenye ngoma. Kama hamna ngoma, ndoo ya plastiki iliyopinduliwa na dumu la mafuta vinatosha kwa wiki tatu. Ukiwa makini utaona kisigino cha mtu mmoja kinaanza kugonga chenyewe, halafu cha jirani yake. Hapo ndipo unawaambia wasimame.

Hatua ya 3: Mlete mwenye ngoma

Tumechagua bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma. Mimi si ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, na sijifanyi ndiye. Mwaka jana tulimwalika mzee mmoja. Tulimwandalia kiti, soda na wanachuo waliokwisha jifunza hatua kwenye simu. Wakaanza kurusha majembe juu, wakiyazungusha, kwa kweli walipendeza. Mzee akatazama mpaka mwisho, akauliza, "Mnalima shamba la nani?"

Kimya.

Akasimama, akawapeleka nyuma ya jiko la chuo ambako kuna kipande kilichojaa magugu. Akawapanga mstari mmoja, akaanza kuimba, wakalima kweli, nusu saa. Aliyetangulia alirudishwa, aliyebaki nyuma aliimbiwa hadi akafika. Waliporudi uwanjani na malengelenge yao, mstari haukupinda tena. Migongo ilikuwa imeshuka, na jembe lilikuwa na uzito mikononi mwao. Nilikuwa nimehangaika wiki mbili kuwaambia "inameni zaidi".

Mlipe mgeni wako. Nauli peke yake si malipo. Na simu zikae mfukoni kipindi hicho. Waruhusu kurekodi mwishoni baada ya kumwomba mwenyewe.

Hatua ya 4: Jembe lenyewe

Anza na mpini mtupu. Kila mmoja anyooshe mkono akiwa ameushika, azunguke, asiguse mtu. Hapo mtapata kama mita mbili baina yao, na hiyo haipunguzwi hata siku ya onyesho. Wiki inayofuata weka jembe, lakini makali yake yavike kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa vizuri. Kaza kichwa cha jembe kila kipindi, maana mpini ukikauka hulegea. Arushaye atazame jembe, asitazame hadhira. Basi, hii haina mengi.

Hatua ya 5: Kutoka kwenye ngoma kuingia kwenye igizo

Hapa ndipo wengi hufungua tamthilia wakagawa wahusika. Ngoja. Mmeshakuwa na mstari wa watu wanaolima na wimbo. Wasimamishe ghafla katikati ya pigo, majembe yakiwa hewani, na uulize: "Nani hayupo shambani leo?" Mwaka huu msichana mmoja alijibu palepale, "Binti wa mwisho. Ameambiwa abaki nyumbani, kuna mgeni anakuja kumwona." Hatukuandika chochote. Tuliendelea kulima na kuimba, na pengo likaachwa kwenye mstari, mahali pa mtu mmoja. Kila wimbo ulipofika hapo, jirani wa pengo alikosa wa kumpokeza. Igizo lote lilikua kutoka kwenye pengo lile.

Njia hii si uvumbuzi wangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Muhando na Amandina Lihamba, walifanya kazi ya namna hiyo Malya, wilayani Kwimba, wakiwaacha wanakijiji wachambue matatizo yao kwa ngoma na maigizo ya kwao wenyewe. Malya si mbali. Wanachuo wangu wengi wanaijua kwa chuo cha michezo tu.

Sasa, kupeleka igizo kwa watu. Mara yangu ya kwanza tulikwenda mwalo mmoja, yaani ufuko wanaposhushia samaki, asubuhi na mapema, tukiamini watu ni wengi. Kweli walikuwa wengi. Dakika ya saba, mitumbwi ya dagaa ikaingia. Mama aliyekuwa akifuta machozi kwa upande wa kanga aliifunga kiunoni akakimbilia ndoo yake. Tukabaki na mtoto mmoja na mbuzi, na mbuzi alikuwa amefungwa.

Kosa lilikuwa langu, sikuisoma kalenda yao. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hivyo mbalamwezi ikiwaka sana taa haivuti kitu, na wavuvi hulaza mitumbwi siku kadhaa. Hizo ndizo siku za kwenda. Watu wapo, mikono haina kazi, wanatengeneza nyavu wakiwa wamekaa. Nenda alasiri. Siku za uvuvi usijaribu mchana pia, kina mama wanageuza dagaa juani. Siku hizi ratiba ya moduli naipanga kwa mwezi wa angani kwanza, ndipo naipeleka ofisi ya taaluma.

Hatua ya 6: Alama

Wagawe makundi mawili, wacheze kwa pamoja uwanja mmoja, kama Bulabo, wanachuo wa mwaka wa kwanza wakiwa katikati, huru kutembea. Hesabu watu kila dakika tano. Hiyo ni alama 20 kati ya 100, ukiipa zaidi ya hapo utazalisha vichekesho vitupu. Zinazobaki: kushika pigo, kushirikiana, na mahojiano ya dakika tatu kila mtu ambapo anaeleza kwa nini alifanya alichofanya. Mahojiano ndiyo yanamkamata aliyejificha nyuma ya kundi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkufunzi, Geita: Shikamoo mwalimu. Nina mwanachuo anasema imani yake haimruhusu kucheza ngoma, kwamba kuna dawa ndani yake. Nimsamehe somo?

Jibu: Marahaba. Usimsamehe somo, na usimlazimishe kucheza. Pia usimdanganye: mashindano ya Bagika na Bagalu yana historia ya dawa za kuvutia watu, hilo linajulikana. Mpe kazi ya kusimulia, kuongoza igizo au kupanga uwanja, na wimbo wa kulima atauimba mwenyewe bila kusukumwa. Ukipenda mwambie pia kwamba Bujora iko mikononi mwa Kanisa Katoliki, na aliyeianzisha miaka ya 1950 alikuwa padri Mkanada, David Clement, aliyezipokea ngoma za Kisukuma kwenye sherehe za Ekaristi. Wangu walipigwa butwaa. Mmoja bado alikataa, na alipata B kwa usimulizi.

Mdau, Magu: Mwalimu, samahani, ila mnaiua ngoma. Bugobogobo ni ya shambani na ya uwanjani. Nyie mnaipimia dakika na kuipa alama.

Jibu: Kaka, sehemu kubwa nakubali. Hilo lilianza zamani, Kikundi cha Taifa cha Ngoma cha miaka ya 1960 kilizipanga ngoma zitazame hadhira ya jukwaani na zitoshe kwenye muda. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa 1981 kiliurithi utaratibu huo. Nami naurithi. Ninachojaribu ni kuwarudisha kwenye magugu nyuma ya jiko kabla ya alama. Kama una njia nyingine ndani ya vipindi kumi na viwili, niandikie, nitaijaribu kweli.

Mwanachuo, Ukerewe: Wasichana nao warushe jembe?

Jibu: Mdogo wangu, kwenu nani analima?

Mkufunzi, Bunda: Darasa langu ni mchanganyiko, Wajita, Wakurya, Wahaya. Bugobogobo haiwahusu.

Jibu: Basi usiichukue. Uliza kila mmoja bibi yake alikuwa akifanya kazi gani akiimba: kutwanga, kuvuta nyavu, kuswaga ng'ombe. Chagueni moja. Hatua ya 2 na ya 5 zinabaki vilevile, badala ya jembe weka kamba au mchi. Ila atafutwe mwenyewe wa kuifundisha, usiitoe kwenye simu.

Mama mkufunzi, Nyegezi: Ngoma zetu za ngozi zikifika msimu wa mvua zinalia kama gunia. Tununue mpya?

Jibu: Hapana, mama. Ngozi imelegea kwa unyevu. Washa moto mdogo wa nyasi, izungushie mbali kidogo, uwe unaigonga ukisikiliza. Ikianza kulia kwa ukali, ondoa, usisubiri. Usiiache juani mchana kutwa, itapasuka. Kama hata hivyo haiinuki, wapelekee mafundi waiwambe upya.

Huyohuyo: Asante. Na majembe mlipata wapi?

Jibu: Tuliazima kwa majirani wa chuo, kumi na nane, kila moja limeandikwa jina la mwenyewe kwa chaki kwenye mpini. Yarudishe kabla ya vuli. Mwaka jana tulichelewa siku tatu, nikakuta watu wanne getini.