Kutengeneza mozaiki ya mawe juu ya chokaa, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa paneli ya sm 40 kwa 40, mawe yakipangwa moja kwa moja juu ya mota (udongo wa kujengea) ya chokaa, bila karatasi wala gundi. Ikikamilika itakuwa na uzito wa kilo 25 hivi, kwa hiyo amua mapema itakaa wapi. Anayetaka kazi iishe kwa siku mbili atumie vigae na gundi ya dukani. Chokaa haiharakishwi.

Hatua ya 1: Mawe

Anza na marumaru na mawe ya chokaa. Hukatika kwa utulivu, na rangi zake zinatosha: nyeupe, krimu, manjano ya udongo, nyekundu iliyofifia, kijivu, nyeusi. Nyeusi ya basalti, jiwe la volkano, ni nzuri zaidi lakini ni ngumu, iache mpaka mkono uzoee. Kwa nyekundu kali tumia tofali au kigae cha udongo kilichochomwa vizuri. Bluu na kijani ng'avu ni kazi ya kioo.

Jiwe lenye chembe za dhahabu zinazometameta liweke kando. Mara nyingi ni pairiti, nayo ikipata unyevu hutoa kutu inayochafua mawe ya jirani, na kutu hiyo haitoki.

Kwa vipande vya mm 10 na nafasi ya mm 1 katikati, paneli hii inachukua vipande 1,300 na ushei. Kata 1,500. Vikiwa na unene wa mm 10, vilivyopangwa vitakuwa na uzito wa kilo 3.5 hivi, lakini anza na kilo 6 za jiwe, maana mwanzoni nusu ya unachokata huishia kuwa kokoto.

Hatua ya 2: Kukata

Unahitaji nyundo yenye ncha mbili bapa, ya kilo 1 hivi, na tindo iliyopandwa kwenye gogo, makali yakitazama juu. Gogo liwe zito na lisicheze. Ukiwa umekaa, makali ya tindo yawe chini kidogo ya kiwiko.

Kwanza pata fito: bamba la jiwe la mm 10 lipasuliwe kwa msumeno wa maji kuwa fito za upana wa mm 10. Kisha shika ufito kwa kidole gumba na cha shahada, uulaze juu ya makali ya tindo mahali unapotaka ukatike, na uache nyundo ianguke kwa uzito wake. Ncha ya nyundo ikutane na makali ya tindo kwenye mstari mmoja, jiwe likiwa katikati. Ikipotoka hata mm 2, jiwe linakatika mshazari. Ukiona unatumia nguvu, aidha makali yamekufa au hupigi pale pale.

Uso uliopasuka ndio unaotazama juu. Uso wa msumeno umekufa, mwanga unateleza tu juu yake. Uliopasuka una fuwele zinazong'aa, ndiyo maana tunakata fito kwanza.

Koleo za magurudumu mawili ni nzuri kwa kioo. Kwa marumaru ya mm 10 zinaponda badala ya kukata, na mkono unauma bure.

Vaa miwani ya kinga na barakoa inayozuia vumbi laini, si kitambaa. Granaiti na mawe ya mchanga yana silika inayoharibu mapafu bila dalili za mapema. Lowesha mawe, na usifagie vumbi likiwa kavu.

Hatua ya 3: Mchoro

Chora kwa ukubwa halisi. Usichore umbo tu, chora pia mistari ambayo vipande vitafuata. Mozaiki inasomeka kwa mistari hiyo kuliko kwa rangi. Kuzunguka kila umbo weka safu moja au mbili za rangi ya mandharinyuma zinazofuata ukingo wake, halafu ndipo mandharinyuma yenyewe yaanze mistari iliyonyooka. Mafundi wa Kirumi walifanya hivyo karibu kila mahali, na ukiruka safu hiyo umbo linaonekana kama limekatwa kwa mkasi na kubandikwa.

Hatua ya 4: Kitako

Slabu ya zege ya sm 40 kwa 40, unene sm 4, uso ukwaruzwe ukiwa bado mbichi ili mota ipate pa kushika. Mbao hapana: hunywa maji ya mota, hupinda, na mozaiki hupasuka. Funga fremu ya mbao iliyopakwa mafuta, ukingo wake upande mm 27 juu ya slabu. Hicho ndicho kimo cha mwisho: mm 10 za tabaka la chini, mm 7 hivi za mota chini ya vipande, na mm 10 za jiwe.

(Sakafu ni habari nyingine. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, aliagiza mawe ya ukubwa wa ngumi chini kabisa, juu yake kokoto na chokaa, kisha tabaka la vigae vilivyopondwa, sehemu tatu kwa moja ya chokaa, lisilopungua vidole sita. Hesabu hiyo bado ni ya kuaminika.)

Hatua ya 5: Mota

Hapa ndipo kazi nyingi zinapofia, na kwa kawaida kosa halionekani mpaka wiki ya tatu.

Chokaa inayofaa ni rojo iliyozimwa (yaani chokaa iliyochomwa ikatiwa majini) na kukaa chini ya maji angalau miezi mitatu. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa laini na kushika vizuri. Ukipata ya unga ya mfuko, iliyokwisha kuzimwa, iloweke kwa wiki moja kisha umwage maji yaliyosimama juu. Usizime chokaa hai, ile ambayo bado haijakutana na maji, kama hujawahi kuonyeshwa: huchemka kwa ghafla. Ukilazimika, chokaa ndiyo inayotiwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Kamwe usimwage maji juu ya chokaa. Mota mbichi nayo huunguza ngozi na macho, kwa hiyo vaa glavu. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi mfululizo na umwone daktari mara moja.

Rojo peke yake hukauka kwa kuvuta hewa ukaa kutoka hewani, na hilo ni polepole mno kwa tabaka lililofunikwa na mawe. Ndiyo sababu tunaongeza vumbi la tofali, ambalo huungana na chokaa hata pasipo hewa. Lakini si tofali lolote. Lililochomwa kwa moto wa wastani, chini ya nyuzi 900 hivi, ndilo linalofanya kazi. Lililoungua mpaka likalia kama chuma ukiligonga ni kokoto tu, halina faida hiyo. Ponda, kisha chekecha.

Tabaka la chini, kwa ujazo: chokaa 1, mchanga 2, vumbi la tofali 1. Lita 0.6, 1.2 na 0.6 zinatosha paneli nzima. Mchanga uwe na chembe zenye kona, usizidi mm 2, na uwe umeoshwa. Wa baharini una chumvi itakayotoka baadaye kama unga mweupe juu ya mawe.

Mota ya kupangia: chokaa 1, unga wa marumaru 1.5, vumbi laini la tofali 0.5. Changanya kidogo kidogo, ya saa mbili tu.

Sasa maji. Rojo tayari lina maji ya kutosha, na hamu ya kuongeza ni kubwa kwa sababu mwanzoni mota inaonekana kavu. Usiongeze. Iponde kwa mwiko au gongo kwa dakika 15 na italainika yenyewe. Mota yenye maji mengi husinyaa inapokauka, nyufa hufuata mistari ya vipande, na vipande hubaki vinacheza kama meno ya mtoto.

Tatizo la pili ni kinyume chake: mota nzuri iliyonyonywa. Slabu kavu hunywa maji ya mota kwa dakika chache, ikabaki unga usioshika kitu. Lowesha slabu tangu jana yake, na tena saa moja kabla. Iwe na unyevu lakini isiwe na maji yanayosimama. Vivyo hivyo kwa mawe: tofali na mawe ya chokaa yaloweshwe, yatolewe, yaachwe mpaka uso ukauke. Marumaru ifutwe kwa sifongo chenye maji. Kioo hakinywi, kiwe safi tu.

Tandaza tabaka la chini mm 10, likwaruze, lifunike kwa gunia bichi mpaka kesho yake. Likiwa gumu kiasi kwamba ukucha unaacha alama lakini kidole hakizami, liko tayari. Likishapauka na kukauka kabisa, lirudishie maji kabla ya kuendelea.

Ukikosa rojo, chokaa ya haidroli (inayokaza kwa maji, si kwa hewa tu) iliyoandikwa NHL 3.5 kwenye mfuko inafaa, sehemu 1 kwa mchanga 2.5 bila tofali. Tahadhari moja: hiyo huanza kushika ndani ya saa chache. Ikianza, itupe. Kuilainisha upya kwa maji ni kuivunja.

Na usitie saruji "ili ikaze". Itakaza kweli, mapema mno, na siku ukitaka kubadilisha kipande kimoja utavunja vitano.

Hatua ya 6: Kupanga

Tandaza mota ya mm 8 kwenye eneo unaloweza kulijaza kwa saa moja na nusu, si zaidi. Hamishia mistari ya mchoro kwa kutoboa karatasi na sindano. Anza na umbo, kisha safu zinazolizunguka, mandharinyuma mwisho.

Kila kipande kibonyezwe mpaka mota ipande kwenye nafasi hadi theluthi mbili ya kimo chake. Hapa inashangaza: kwa kuwa mawe yanajaza zaidi ya asilimia 80 ya eneo, kushuka kwa mm moja na kitu tu kunatosha. Mota ikifika juu, umetandaza nene au ni laini mno. Pima kwa rula iliyolazwa juu ya fremu.

Ukisimama, kata mota iliyobaki kwa mwiko sambamba na safu ya mwisho, uiondoe yote. Chokaa iliyochafua uso wa jiwe ifute saa hiyo hiyo kwa sifongo bichi, hasa kwenye basalti.

Hatua ya 7: Unyevu

Gunia bichi, nailoni juu yake, siku saba, mbali na jua na upepo, joto lisishuke chini ya nyuzi 5. Baada ya hapo ondoa nailoni na uache ikauke polepole.

Hatua ya 8: Kumalizia

Kazi ya ukutani iache kama ilivyo. Mafundi wa kale wa Ravenna, Italia, waliviinamisha vipande vya kioo kidogo ili vishike mwanga, na kuijaza grauti (mota ya kuziba nafasi) kazi ya namna hiyo ni kuiua. Ukitaka uso laini wa sakafu, subiri angalau wiki nne, jaza nafasi kwa chokaa na unga wa marumaru, kisha sugua kwa jiwe la kunolea na maji: namba 60, 120, 220, na 400 kama unataka mng'ao hafifu.

Utando mweupe ukibaki, tumia maji, brashi na subira. Siki, limao na dawa za kusafishia vigae zina asidi, na asidi inakula marumaru na chokaa kwa pamoja.