Kabla hujapanda ndege kuja Moshi, soma jina dogo kwenye boksi la dawa

Ikifika wiki ya tatu ya Desemba, Moshi hapatoshi. Wachaga wamerudi nyumbani, njia ya Kibosho haipitiki, na mimi nyuma ya kaunta ya duka la dawa, si mbali na soko la Mbuyuni, naanza kupokea watu wenye maboksi ya dawa za ughaibuni. Mwaka juzi alikuja dada mmoja anayeishi Texas, mgonjwa wa baridi yabisi, kaongozana na mama yake. Aliuliza kama tunauza Humira, maana kalamu za sindano alizobeba zilikuwa mbili tu na likizo kairefusha. Mama akamgeukia: "Hamira? Si ungesema tukapitie kwa Mangi, pakiti jero tu!"

Tulicheka hadi wateja wengine wakacheka. Lakini nilipomuuliza dada kama daktari wake amewahi kumtajia adalimumab ya kampuni nyingine, alinitazama kama nimemtukania dawa yake. Hakujua kwamba Humira ni jina la biashara tu. Dawa yenyewe ni adalimumab, imeandikwa hapohapo kwenye boksi, chini, kwa herufi ndogo.

Hilo jina dogo ndilo lenye hela yako. Humira, Lantus ya kisukari, Herceptin ya saratani ya matiti, zote ni dawa za kibiolojia, yaani protini zinazotengenezwa ndani ya chembe hai. Hataza ya mwenye dawa, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, ikiisha, kampuni nyingine zinaruhusiwa kutengeneza ya kwao inayofanana nayo. Hiyo ndiyo baiosimila. Kwa kuwa mwenye dawa alishathibitisha kuwa inatibu, anayekuja nyuma harudii majaribio yote upya. Anatakiwa kuonyesha kwamba ya kwake haina tofauti ya maana na ile ya kwanza kwa usalama wala kwa nguvu ya kutibu. Gharama hapo ndipo inaposhuka.

Watu huniuliza, "Kwa nini msiseme ni jeneriki tu, yaani nakala, kama panado?" Nawajibu kwa mbege, pombe yetu ya ndizi. Panado ni kama chumvi: kemikali ni ileile, atengeneze nani. Mbege inachachuka. Mama wa Marangu na mama wa Machame wanatumia ndizi zilezile na ulezi uleule, na bado kila pipa lina lake kidogo, hata la mama yuleyule wiki hii na wiki ijayo. Hakuna anayekataa kwamba zote ni mbege. Hata dawa ya kwanza yenyewe, bechi moja (yaani mkupuo mmoja wa kiwandani) na nyingine hupishana kidogo, na wakaguzi wanapima mpishano usivuke mpaka.

Ulaya iliruhusu baiosimila ya kwanza mwaka 2006, Marekani ikafuata mwaka 2015. Adalimumab ndiyo kichekesho. Marekani iliidhinisha baiosimila yake mwaka 2016, lakini kwa mivutano na makubaliano ya hataza haikufika dukani hadi Januari 2023, wakati Ulaya walikuwa wanaitumia tangu 2018. Ndiyo maana madaktari wengi wa huko mkono wao ulizoea kuandika Humira wenyewe.

Sasa bei, na hapa wa Marekani mnisikilize vizuri. Mwaka 2023 Humira ya mwezi mmoja ilikuwa karibu dola 6,900 kabla ya bima. Mwaka huohuo duka la mtandaoni la bilionea Mark Cuban lilianza kuuza Yusimry, adalimumab vilevile, kwa takriban dola 570. Kuna kituko kikubwa zaidi: mwishoni mwa 2021 kampuni moja ilitoa insulini ya glargine kwa mavazi mawili. Yenye jina kubwa, Semglee, kalamu tano zilikuwa dola 404 hivi. Isiyo na jina kubwa, imeandikwa "insulin glargine-yfgn" tu, dola 148. Kiwanda kimoja, dawa moja. Ile ya ghali ilikuwepo kwa sababu madalali kati ya bima na kiwanda wanapenda bei kubwa wapate punguzo kubwa la kwao. Wewe usiye na bima ndiye unayeumia.

Zile herufi nne za mwisho, yfgn, hazina maana yoyote. Zimewekwa ili ijulikane dawa imetoka kwa nani. Ziandike kwenye simu yako pamoja na namba ya bechi, ukidhurika daktari atajua aanzie wapi.

Ukienda kwa daktari wako usiulize "kuna ya bei rahisi?" Muulize ni adalimumab ipi, au glargine ipi, iliyo kwenye orodha ya bima yako, na mfukoni mwako itatoka kiasi gani. Baadhi ya baiosimila Marekani zimepewa hadhi ya kubadilishana, yaani mfamasia anaweza kukupa badala ya ile ya kwanza bila kumpigia daktari, kwa kufuata sheria ya jimbo. Nyingine lazima daktari aandike upya. Na nisikudanganye: si kila mara baiosimila ndiyo nafuu. Sanofi, wenye Lantus, ambayo ni glargine ya kwanza, walishusha bei yake kwa asilimia 78 Januari 2024, na mwenye Medicare (bima ya serikali, hasa ya wazee) halipi zaidi ya dola 35 kwa insulini ya mwezi tangu 2023. Wengine wana kadi ya punguzo ya kampuni na wanalipa dola chache tu (wa Medicare na wa Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, hawaruhusiwi kuitumia). Piga hesabu yako, usipige ya jirani.

Wa Uingereza nitawapitia haraka. Wengi wenu akiba haiingii mfukoni mwenu, inaingia NHS, huduma ya afya ya serikali. Ukipata barua kwamba unabadilishiwa adalimumab, usikimbilie kukataa. Uliza kalamu mpya inabonyezwaje, na kama ina sitreti, kemikali inayochanganywa ndani ya dawa, maana hiyo ndiyo huwa inawasha wakati wa kuchoma.

Kinachonikosesha usingizi ni dawa mnazowaletea wazazi. Kijana mmoja alimletea baba yake insulini kutoka Minnesota, kalamu za Toujeo. Jina dogo ni glargine, sawa na ya mzee. Ila mzee alizoea chupa na bomba la sindano, akaniambia atavuta tu kutoka kwenye kalamu. Nikamwonyesha namba pembeni: yuniti 300 kwa mililita. Yake ilikuwa 100. Yuniti 20 alizozoea kwenye bomba lake zingekuwa 60, na asubuhi wangemkuta hajitambui. Kwa hiyo jina dogo lisomwe pamoja na namba yake, na kalamu isivutwe kwa bomba hata siku moja.

Kabla hujanunua chochote huko, piga simu nyumbani uulize mzee anatumia nini kliniki, iwe KCMC au Mawenzi. Mara nyingi kuna insulini ya kampuni nyingine hapahapa mjini, iliyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, na ukituma hela ya dawa hiyo kila mwezi unamsaidia kuliko kumletea boksi la miezi mitatu ambalo likiisha halipatikani. Mgonjwa anayehamahama dawa kila Desemba sukari yake haitulii. Ukituma hela, mwambie aombe risiti.

Kama ni dawa yako mwenyewe, ibebe kwenye begi la mkononi, ndani ya boksi lake, na cheti cha daktari. Ukiiweka kwenye mzigo wa chini inaweza kuganda, na insulini iliyoganda ni ya kutupa hata kama inaonekana safi. Humira inavumilia siku 14 nje ya friji, isizidi nyuzi 25. Adalimumab nyingine zina siku zao, soma karatasi ya ndani. Nyumbani usiisukume hadi mwisho wa friji pale mama alipobananisha nyama ya sikukuu, igande kama nyama. Iweke rafu ya kati. Glargine ya yuniti 100 ukishaanza kuitumia inakaa siku 28 chini ya nyuzi 30, na umeme ukikatika mtungi wa udongo wenye maji, chupa ikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, unasaidia sana Moshi hii ya Januari.

Na ukitaka kujua kama dawa yako ipo huku, mtumie mfamasia wa nyumbani picha kabla hujakata tiketi. Piga upande wenye jina dogo na namba, siyo upande wenye nembo kubwa.