Kabla Mtoto Hajaja: Ya Kuweka Sawa Unapongoja Kuasili Kutoka Ng'ambo

Ukishaamua kumuasili mtoto kutoka nyumbani Afrika Mashariki huku wewe unaishi Marekani, anza kwa kuuliza uraia wako unakuruhusu nini. Kitanda, jina na rangi ya chumba vina siku zake. Nawaona ndugu wakitangaza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba mtoto anakuja, wakati hata fomu ya kwanza haijajazwa, na bibi kule Tabora ameshaanza kuuliza tarehe. Uraia wako ndio unaoamua kama kuna tarehe yoyote ya kutajwa.

Kwa Mtanzania mambo yako hivi. Ili umwombee viza mtoto yatima uliyemuasili nje, Marekani inataka uwe raia wake, na kama huna mwenzi uwe umetimiza miaka 25. Mwenye grini kadi peke yake, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, hana njia hiyo. Haya, umeapa, umekuwa raia. Tanzania nayo haitambui uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo siku ile ulipoapa uligeuka mgeni mbele ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sheria hiyo inamtaka mgeni awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo, awe amemlea mtoto husika angalau miezi mitatu chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii, asiwe na rekodi ya jinai, alete pendekezo kutoka mamlaka ya nchi anakoishi, na aithibitishie mahakama kwamba nchi yake itaitambua amri ya kuasili. Amri yenyewe hutolewa na Mahakama Kuu. Huku unatakiwa uwe raia, kule unahesabiwa mgeni kwa sababu umekuwa raia. Ukikutana na mtu anayekuambia yeye ana njia ya wiki sita, mwombe akuonyeshe imeandikwa kwenye kifungu gani.

Mkenya ana unafuu upande mmoja, kwa kuwa Katiba ya 2010 inamruhusu uraia pacha. Lakini Kenya ilijiunga mwaka 2007 na Mkataba wa The Hague wa 1993 kuhusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi, na kwa Marekani mkataba huo ulianza kufanya kazi tarehe 1 Aprili 2008. Tangu hapo mfuatano wa hatua ni sehemu ya sheria. Kwanza wewe unakaguliwa na kuidhinishwa Marekani, kisha mamlaka za Kenya zinakutafutia mtoto, kisha Marekani inatoa idhini ya awali kwa mtoto yule, na ndipo mnapokwenda kortini. Ukitangulia kortini Nairobi, ukapata amri yenye muhuri na kila kitu, halafu ndio uanze fomu, amri hiyo inaweza kuwa ndiyo itakayokunyima viza. Wala usidhani ukaribu wa damu unakuvusha: mtoto wa kaka yako mwenyewe anapita njia ileile. Na juu ya hayo yote, Novemba 2014 Baraza la Mawaziri la Kenya lilisimamisha wageni kuasili watoto wa nchi hiyo, kwa hiyo swali la nani anahesabiwa mgeni litatuliwe na wakili kabla hujalipa senti kwa yeyote.

Sasa tuzungumzie mtoto wa marehemu dada, maana hapo ndipo wengi wetu tunapoanzia. Kwa desturi zetu mtoto huhamia kwa shangazi au kwa mjomba bila karatasi, na hakuna anayeuliza. Ofisi ya uhamiaji inauliza. Kwayo yatima ni yule aliyefiwa na wazazi wote au aliyetelekezwa nao, au aliyebakiwa na mzazi mmoja asiyeweza kumtunza, na mzazi huyo awe amemwachia kwa maandishi yasiyoweza kutenguliwa. Mtoto ambaye baba na mama wapo, ila maisha yamewabana, haingii humo hata kama wote wawili wamekubali na kikao cha ukoo kimebariki. Umri nao una ukingo wake: ombi liingie kabla hajafikisha miaka 16, au 18 kama ni ndugu wa mtoto mwingine uliyekwisha kumuasili. Kwa nchi isiyo ndani ya mkataba kama Tanzania ipo njia nyingine, ya kumuasili kabla ya miaka 16 na kuishi naye miaka miwili chini ya malezi yako ya kisheria, na hiyo hata mwenye grini kadi anaweza kuitumia. Kwa vitendo maana yake ni kwamba mmoja wenu anarudi nyumbani kuishi. Kwa familia za Kiislamu, kafala ni malezi yanayoheshimika na Mkataba wa Haki za Mtoto unayataja katika kifungu cha 20, ila uhamiaji wa Marekani kwa kawaida hauyahesabu kama kuasili. Mjue hilo kabla ya kwenda kwa kadhi.

Kuna jambo ninalotaka tukae nalo zaidi, nalo ni mama wa mtoto. Agosti 2020 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, pamoja na wakili mmoja na mumewe, kwa mpango wa kuwatoa watoto vijijini. Wazazi waliahidiwa kwamba watoto wao wanapelekwa kusoma. Baadaye watoto walionekana kwenye makao ya watoto kama yatima, na familia za Marekani zikawachukua zikiamini zimemwokoa mtoto asiye na mtu. Fikiria upo upande wa pili wa meza hiyo, mtoto ameshajifunza kukuita mama, na siku moja anakusimulia habari za mama mwingine aliyekuwa akimpikia. Uganda ilikuwa imeshabadilisha sheria yake mwaka 2016, ikiziba mwanya wa wageni kuondoka na watoto kwa hati za ulezi tu na kuwataka waishi nchini mwaka mmoja wakimlea mtoto kwanza. Wageni wengi walilalamika kwamba ni muda mrefu. Mimi nauona mwaka huo kama ulinzi, wa mtoto na wa kwako pia. Kwa hiyo unapopewa faili, uliza aliletwa na nani, siku gani, polisi au serikali ya mtaa waliandika nini, na nani alitumwa kutafuta ndugu. Majibu yakija ya jumla jumla, ukaambiwa tu kwamba mama alimtelekeza na hakuna zaidi, usitie sahihi. Fedha zipitie kwa wakala mwenye kibali, kwa risiti. Usimtumie mama wala mlezi wa makao pesa kwa simu, hata za maziwa; nia yako inaweza kuwa safi na bado kesho ikasomeka kama ulimnunua.

Nchi nazo hufunga mlango watu wakiwa njiani. Congo ilisimamisha vibali vya kuondoka Septemba 2013, na zipo familia zilizokaa zaidi ya miaka miwili zikiwa na amri halali ya mahakama mkononi huku watoto wakikulia Kinshasa. Ethiopia ilipiga marufuku Januari 2018, China ikahitimisha mpango wake mwaka 2024. Marekani ilipokea karibu watoto 23,000 kutoka nje mwaka 2004; katika mwaka wa serikali wa 2023 walikuwa 1,275. Wakala anayekupa tarehe ya uhakika hajui anachokisema, au anakijua.

Karatasi zako zinazeeka wakati unangoja. Ripoti ya uchunguzi wa familia isizidi miezi sita siku unapoipeleka uhamiaji, na idhini ikitoka ina miezi 15. Kila mwenye miaka 18 na zaidi anayeishi kwenu anachukuliwa alama za vidole, na hapa nyumba zetu zina tatizo la kipekee: yule binamu aliyekuja kwa muda mpaka apate chumba. Akishafanya kwako ndiyo makazi yake, naye anaingia kwenye ripoti. Mkihama, mkibadili kazi, mkipata ujauzito, ripoti inarekebishwa. Kama uliwahi kukamatwa, hata kesi ikafutwa, sema mwenyewe mapema. Kilichoelezwa kwa kawaida hupimwa kwa uzito wake. Kilichofichwa kinaweza kuangusha ombi zima.

Mkaguzi wa ripoti hiyo akija nyumbani watu hupika pilau na kufua mapazia. Yeye anabonyeza king'ora cha moshi asikie kama kinalia, anafungua kabati la bafuni kuona dawa zimekaa kimo gani, anafungulia maji ya moto na kuweka kidole, anauliza kama kuna bunduki na ufunguo wake uko kwa nani. Kisha anaketi na kukuuliza ulivyoadhibiwa ulipokuwa mdogo. Swali hilo huwashtua sana watu wa kwetu, kwani wengi tulikulia kwenye fimbo na hatuoni cha kueleza. Zungumzeni mume na mke kabla hajaja, mjue mtamrudi vipi mtoto aliyekwisha kuumizwa na watu wazima wengine. Mafunzo ya saa kumi ambayo ni ya lazima hayatoshi kwa hilo.

Halafu mtoto mwenyewe. Ukisema unangoja mtoto mchanga, uwe tayari kupewa wa miaka mitatu, au wanaofuatana wawili, au mwenye ugonjwa. Mkataba wa The Hague unataka kwanza atafutiwe familia ndani ya nchi yake, na wachanga wenye afya hupata familia huko huko. Faili lake huenda likawa na mstari mmoja tu kwamba afya yake ni njema. Omba picha ya kadi ya kliniki, kurasa zote. Mstari wa uzito utakueleza mengi: ulipanda mpaka mwezi gani, ulilala lini, ulianza tena lini, na ukilinganisha na tarehe aliyoingia makao utaona kama alikonda kabla au baada. Angalia pia kipimo cha kichwa kama kimeandikwa, na uliza kama amepimwa selimundu, hasa akitoka kanda ya Ziwa. Mpelekee daktari anayejua watoto wa namna hii. Chuo Kikuu cha Minnesota kilifungua kliniki yao mwaka 1986, na hospitali nyingine kubwa zinazo. Pia linganisheni herufi za jina kwenye kadi, cheti cha kuzaliwa cha RITA (wakala wa usajili wa Tanzania) na karatasi za mahakama. Asha mmoja akiandikwa Aisha pahali pengine ni miezi ya kusubiri.

Ya kazini nitayapitia haraka. Sheria ya likizo ya familia inatoa wiki 12 bila malipo kwa mwajiri wa watu 50 na zaidi, ukishafanya mwaka mmoja na saa 1,250, na unaweza kuanza kuzitumia kabla mtoto hajakabidhiwa ukilazimika kusafiri kwa ajili yake. Bima ya kazini mwandikishe ndani ya siku 30. Nafuu ya kodi ya mwaka 2025 ilikuwa hadi dola 17,280, ila kwa mtoto wa kutoka nje huidai mpaka kuasili kukamilike, kwa hiyo usiihesabu kama nauli.

Wiki mbili kabla ya safari, kila atakayekuwa karibu na mtoto siku 60 za mwanzo achanjwe homa ya ini aina ya A, mama mkwe akiwemo. Ndani ya wiki mbili baada ya kufika aonwe na daktari: kifua kikuu, homa za ini, VVU, kaswende, minyoo, damu, madini ya risasi. Kovu la chanjo ya BCG begani lisiwe sababu ya kuruka kipimo cha kifua kikuu.

Na wageni wangoje. Najua hili ni gumu. Kwetu mtoto akija watu huja na vitenge na sufuria, na kila shangazi anataka kumbeba. Mtoto aliyezoea walezi wa zamu humwendea yeyote kwa tabasamu, watu wakasema ana bahati, ni mchangamfu. Bado hajajua nani ni wake. Kwa wiki kadhaa alishwe, abebwe na abembelezwe na ninyi wazazi tu. Watakaosema mmeanza kuringa waacheni waseme. Akificha mkate chini ya mto usimfokee. Mwekee kikapu cha ndizi na biskuti anapoweza kufikia, mchana na usiku, mpaka aache mwenyewe. Na mzungumzie Kiswahili. Familia nyingi za Marekani hazina hiyo zawadi ya kumpokea mtoto kwa lugha anayoisikia tangu azaliwe.

La mwisho ni viza yake, maana wengi wakishatua uwanja wa ndege huona kazi imekwisha. Ikiwa aliasiliwa kikamilifu huko na angalau mzazi mmoja alimwona kabla au wakati wa kesi, huingia kama raia na cheti huja kwa posta. Akiingia kwa viza ya kuja kuasiliwa huku, anabaki na grini kadi mpaka mahakama ya jimbo lenu itoe amri, na baada ya hapo pasipoti mnaiomba wenyewe. Sheria ya uraia wa moja kwa moja ilianza tarehe 27 Februari 2001 na haikuwagusa waliokuwa wameshafikisha miaka 18. Kati yao wapo waliofukuzwa nchini wakiwa watu wazima kwa sababu wazazi hawakuwahi kukamilisha. Fungueni kesi ya jimbo mwaka huohuo anaoingia, na mtoe nakala zaidi ya moja zenye muhuri za amri ya Mahakama Kuu kabla hamjaondoka Dar es Salaam, kwa kuwa kuziomba ukiwa mbali ni safari nyingine.