Jinsi ya kujifunza filimbi ya mdomoni ya kuita bata mzinga

Wengi wanaoanza kuwinda bata mzinga huko Marekani huanza na kile kiboksi cha mbao cha kuitia, unasugua kifuniko chake kinatoa sauti ya jike ili dume aje, na si vibaya hata kidogo, kiboksi kilipata hatimiliki Arkansas mwaka 1897 na mpaka leo kinaita madume vizuri tu, tena mtu asiyejua kitu anapata sauti ya maana siku hiyohiyo. Shida yake moja ni mikono. Kiboksi kinataka mikono miwili, na bata mzinga ana macho makali kupita kiasi, anaona karibu pande zote bila kugeuza kichwa, sasa dume akishafika mita 40 mbele yako na wewe ndo kwanza unaweka kiboksi chini ili ushike bunduki, hapo umeshamkosa. Filimbi ya mdomoni inabaki mdomoni, mikono yote iko kwenye bunduki, hakuna kinachotikisika. Ndo maana nasema jifunze hii, hata kama ndo ngumu kuliko zote kuanza.

Yenyewe ni fremu ndogo ya alumini iliyopinda kama herufi U, imevutiwa utando mwembamba wa latex, inaweza kuwa mmoja, miwili au mitatu, halafu pembeni imezungushiwa tepu laini. Ukiingia dukani utakuta zimekatwa kila aina, nyingine zina mkato wa V, nyingine mikato pembeni, nyingine utando mitatu kwa pamoja, na muuzaji atakwambia hii ya mitatu ina mkwaruzo mzuri kama jike mzee. Ni kweli ina mkwaruzo, lakini inataka hewa nyingi na ulimi uliozoea, kwa anayeanza ni mateso ya bure. Chukua ya utando mmoja au miwili, yenye mkato mdogo au isiyokatwa kabisa. Na kama kaakaa lako ni jembamba tafuta saizi ndogo, zipo, watu wengi wanakata tamaa wakidhani hawana kipaji kumbe fremu tu ni kubwa. Mwenye aleji ya latex asijaribu hizi za kawaida, atafute zilizotengenezwa kwa kitu kingine.

Kuiweka sasa. Ule ukingo ulionyooka wa utando unatazama mbele kwenye midomo, mviringo wa fremu unaelekea kooni, na kama tando zinapishana urefu basi ule mfupi uwe chini upande wa ulimi. Isukume kwa ulimi ipande juu ikae kwenye kaakaa, pale katikati, isiende nyuma sana. Ikikaa sawa hewa haipiti juu yake wala pembeni, inapita kati ya ulimi na utando tu. Ukisikia hewa inavuja pembeni, toa, ipinde fremu kidogo sana kwa vidole ifuate umbo la kaakaa lako, rudisha, jaribu tena. Tepu ikizidi, punguza na mkasi kidogokidogo, maana ukishakata hairudi.

Wengine wanasikia kichefuchefu, wengine utando unawatekenya ulimi mpaka wanashindwa. Hiyo ni kawaida kabisa na inaisha. Dawa yake ni kukaa nayo mdomoni bila kupuliza chochote, uko unaendesha gari, unaosha vyombo, unaangalia TV, siku chache mdomo unaizoea wenyewe.

Halafu hewa, na hapa ndo wengi wanakwama miezi. Wanapuliza na mashavu, mashavu yanajaa, inatoka sauti ya kulia ovyo. Hewa inatakiwa itoke tumboni, ya joto, vile unavyopumulia kioo cha miwani kabla ya kukifuta. Anza na "sss" ndefu, hewa inapita tu bila sauti yoyote, halafu pandisha ulimi taratibu ubane utando mpaka itoke noti moja ya juu, safi, nyembamba. Ishikilie. Usiharakie kwenda mbele, kaa hapohapo mpaka noti hiyo unaipata kila ukitaka, kwa sababu sauti zote za bata mzinga jike zinazaliwa hapo.

Ukishaipata, shusha taya na ulegeze ulimi kwa ghafla huku hewa bado inatoka. Noti inavunjika, inaanguka kutoka juu nyembamba kwenda chini yenye mkwaruzo, na hiyo ndo yelpi, sauti ya msingi ya jike. Mdomo uwe kama unatamka "chiop", ile "chi" ni noti ya juu, "op" ni pale inapoanguka. Moja kwanza. Halafu mbili. Halafu mfululizo, jike kwa kawaida anapiga kama 4 mpaka 9 hivi, kwa mwendo mmoja, hazikimbii mwishoni na hazichelewi katikati.

Na kuhusu mwendo niseme wazi kabisa, mwendo ni muhimu kuliko utamu wa sauti. Ukikaa msituni ukasikia majike wa kweli utashangaa, wengine wana sauti mbaya, imepasuka, inakwaruza, lakini mwendo hawakosei hata mmoja. Dume anaweza kuijia sauti mbaya yenye mwendo sahihi, ila sauti nzuri yenye mwendo wa kubabaika inamtia shaka. Kwa hiyo kabla hujafanya mazoezi sikiliza kwanza, shirika la National Wild Turkey Federation limeweka rekodi za sauti mbalimbali kwenye tovuti yake, sikiliza yelpi za jike wa kweli mpaka uweze kuzigonga kwa kidole mezani. Halafu jirekodi na simu, ukiiweka mbali kidogo, maana unavyojisikia mwenyewe ndani ya kichwa sivyo sauti inavyofika kule nje. Dakika kumi kila siku zinatosha, zinafaa kuliko saa nzima Jumamosi, ulimi ukichoka unajifundisha makosa.

Baada ya yelpi nenda kwenye klaki, ni kifupi, kimoja, kikavu, "pok", unabana hewa na ulimi halafu unaiachia ghafla kwa midomo. Iwe laini. Ikiwa kali sana na ya kukatika inafanana na sauti ya hatari, na bata mzinga akisikia hiyo anaondoka bila kuaga. Klaki nyingi kali za kufuatana haraka zipo kweli, jike akisisimka anazipiga, lakini ziache kwanza mpaka za laini zimekaa. Mkoromo nao ni ile sauti ya jike aliyetulia anakula, unatetemesha ulimi "rrrr" kwa hewa ndogo sana, na hapa anayezungumza Kiswahili ana bahati, hiyo r ya ulimi tayari anayo, kuna watu inawasumbua misimu miwili. Zipo pia zile miluzi za makinda waliopotea, ni za uwindaji wa msimu wa vuli zaidi, kwenye msimu wa machipuko unaweza kuishi bila hizo.

Ukiwa msituni asubuhi, giza likiwa bado halijaisha, dume anaguruma juu ya mti, hapo unampa yelpi mbili tatu laini za kusinzia, basi. Kumbuka kimaumbile jike ndo humfuata dume, wewe unamwomba afanye kinyume, kwa hiyo ukimwita kila dakika anasimama hukohuko akikusubiri uende. Akishajibu na unasikia anasogea, nyamaza. Kwaruza majani kwa mkono kama jike anayetafuta chakula, piga mkoromo mdogo, nyamaza tena. Hii ya kunyamaza inauma ila inafanya kazi kuliko noti yoyote.

Kitu kingine, tena hiki kisipuuzwe, sauti yako ikiwa nzuri itavuta na wawindaji wengine. Kaa umeegemea mti mpana kuliko mabega yako, usivae kitu chekundu, cheupe wala cha bluu kwa sababu ndo rangi za kichwa cha dume, ukimwona mtu anakuja ongea kwa sauti ya binadamu, usimpungie mkono. Na wewe usinyatie sauti ya bata mzinga, hujui nani anaitoa. Kila jimbo lina kanuni zake, leseni, tarehe, saa za kuwinda, na sehemu nyingi msimu wa machipuko unaruhusiwa ndege mwenye ndevu tu, yaani yale manyoya kama nywele yanayoning'inia kifuani, na vifaa vya elektroniki vya kuita vinakatazwa majimbo mengi, soma za jimbo lako kabla ya kutoka.

Ukirudi isuuze kwa maji baridi, ikaushe, chomeka kijiti cha meno kati ya tando zisigandane, iweke sehemu yenye ubaridi isiyopigwa na jua, wengi wanaweka kwenye friji. Usiiache kwenye dashibodi, joto linaua latex haraka sana. Utando ukianza kulegea au kujikunja ukingoni sauti inabadilika hata kama hujabadilisha chochote, hapo nunua mpya, na hiyo mpya ianze kuivaa wiki chache kabla msimu haujafunguliwa, kwa sababu hata mbili za aina moja hazikai sawa mdomoni.